Wakati uliopita wa Kiingereza: neno la kwanza ndilo linalobeba

Kila anayesahihisha Kiingereza cha wanafunzi ameikuta sentensi "She didn't went" mara nyingi, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mafupi: baada ya "did" kitenzi hakibadiliki. Mwanafunzi anaiandika kanuni hiyo daftarini. Baadaye anapewa nyingine kwamba baada ya "had" atumie umbo la tatu (kama "gone" katika "go, went, gone"), kisha nyingine kwamba baada ya "was" aweke "-ing", isipokuwa sentensi ikiwa ya kutendwa. Mwisho anabaki na rundo la kanuni, kila moja ikisimama peke yake, pamoja na jedwali la nyakati kumi na mbili ambalo halimwelezi kwa nini mambo yako hivyo.

Kwa maoni yangu jedwali hilo ndilo linalowachosha watu, wala si lugha yenyewe. Chini yake kuna utaratibu mmoja tu, nao ni huu: vitenzi vya Kiingereza vikifuatana katika sentensi, wakati hutajwa mara moja, tena kwenye neno la kwanza. Maneno yanayofuata hayana habari na wakati. Kila moja linachukua umbo linalodaiwa na neno lililolitangulia, basi.

Tuone kwa karibu. Katika "She went" kuna neno moja, kwa hiyo lenyewe ndilo linalobeba wakati. Katika "She did not go" neno la kwanza ni "did"; wakati umeshabebwa hapo, na "do" hudai kitenzi kikavu, ndiyo maana tunapata "go". Kusema "didn't went" ni kutaja wakati mara mbili. Katika "She was going", wakati uko kwenye "was", na "be" inayoonyesha jambo linaloendelea hudai "-ing". Katika "She had gone", wakati uko kwenye "had", na "have" hudai umbo la tatu.

Sasa chukua ile ndefu inayowatisha watu: "She had been going". Neno la kwanza ni "had", lenye wakati uliopita. "Have" hudai umbo la tatu, kwa hiyo "be" imegeuka "been". "Be" nayo imedai "-ing", ndipo "going" ikaja. Na "The letter had been written" ni mnyororo uleule, ila "be" ya mwisho ni ya kutendwa, nayo hudai umbo la tatu. Ukitaka kuzileta sentensi hizi zote wakati uliopo, huhitaji kugusa kitu kingine zaidi ya neno la kwanza: "did" iwe "does", "was" iwe "is", "had" iwe "has". Mengine yote yanabaki yalivyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili anao utaratibu huu kinywani tayari. Tunasema "alikuwa anasoma" na "alikuwa amesoma"; ile "-li-" inakaa kwenye neno la kwanza tu. Hakuna anayesema "alikuwa alisoma". Tena ulinganifu ni wa karibu sana: "alikuwa anasoma" ndiyo "was reading", na "alikuwa amesoma" ndiyo "had read". Tofauti ni kwamba sisi tunarudia nafsi kwenye kila neno, Kiingereza hakirudii.

Wanaisimu wengi huenda mbali zaidi na kusema kwamba kitenzi cha Kiingereza kina njeo, yaani maumbo ya wakati, mbili tu, iliyopo na iliyopita, na kwamba yale mengine tunayoyaita nyakati ni vitenzi visaidizi vilivyounganishwa. Hata "will" ya wakati ujao ni kitenzi kisaidizi kama "can" na "may". Msimamo huo una faida kubwa darasani, kwa sababu unaondoa mzigo wa kukariri majina marefu ya nyakati.

Hiyo "do" ya ukanushi nayo haikuwapo siku zote. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa maneno kama "they knew not", bila "did" yoyote. Katika karne ya 16 na ya 17 "do" ilizidi kuingia katika ukanushi na maswali hadi ikawa lazima. "Be" na vitenzi visaidizi vimebaki na mtindo wa zamani: tunasema "was not", si "did not be". Na swali likiulizia mtenda, "do" haihitajiki kabisa: "Who went?", kwa maana ya nani alikwenda. Lakini "Where did she go?" inaitaka, kwa kuwa hapo mtenda anajulikana.

Umbo la pili na umbo la tatu

Safu tatu za vitenzi ambazo sote tulizikariri, "go, went, gone", zina kazi ambayo mara nyingi haielezwi. Umbo la pili, "went", limeshabeba wakati, kwa hiyo husimama peke yake na halikubali kutanguliwa na kisaidizi. Umbo la tatu, "gone", halina wakati, kwa hiyo haliwezi kusimama peke yake kama kitenzi cha sentensi. "She has went" na "She gone" ni makosa mawili yaliyotoka chimbuko moja. Utasikia "I seen" na "I done" katika lahaja kadhaa za Kiingereza, na kwa wenye lahaja hizo ni lugha yao halali, lakini katika maandishi rasmi hazikubaliki.

Vitenzi vingi havitofautishi umbo la pili na la tatu: "worked, worked", "bought, bought". Hapo ndipo mkanganyiko unapofichwa. Mtu anaweza kuandika vizuri kwa miaka bila kujua analotumia ni lipi, mpaka akutane na "wrote" na "written".

"-ed" inavyotamkwa

Kwa maandishi ni kiambishi kimoja, kwa sauti ni vitatu. Baada ya sauti sighuna, zisizotetemesha koo, kama k, p, s na f, hutamkwa t: "worked", "stopped", "laughed". Baada ya irabu na sauti ghuna, zinazotetemesha koo, hutamkwa d: "played", "lived", "called". Silabi ya ziada huja pale tu kitenzi kinapoishia na t au d: "wanted", "needed". Kwa hiyo "worked" ni silabi moja, na "asked" vilevile.

Sisi tuliozoea silabi zinazoishia na irabu hujikuta tukiongeza kitu: "woked-i", "asiked". Dawa yake ni kuitamka ile t ya mwisho kwa kuiunganisha na neno linalofuata. Katika "I worked it out", t hiyo huangukia kwenye irabu ya "it" na kutoka yenyewe bila taabu.

Zamani silabi ya "-ed" ilitamkwa hata mahali ambapo leo imekufa. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alilalamika hadharani kuhusu watu waliokuwa wakiifupisha na kuandika "disturb'd" na "rebuk'd". Kwake ilikuwa uharibifu wa lugha. Lalamiko lake halikuzuia kitu. Mabaki ya silabi hiyo yapo kwenye vivumishi vichache, kama "wicked", "naked", na "learned" inapomaanisha msomi.

Kuhusu tahajia, jambo la kuangalia ni mkazo. "Permit" ikiwa kitenzi ina mkazo mwishoni, kwa hiyo t ya mwisho inarudufishwa: "permitted". "Visit" ina mkazo mwanzoni, kwa hiyo "visited". Uingereza huvunja kanuni hiyo kwa vitenzi vinavyoishia na l na kuandika "travelled", ilhali Marekani huandika "traveled".

Vitenzi visivyofuata kanuni vina historia

Orodha ya vitenzi hivi hupangwa kwa alfabeti, na mpangilio huo sioni unamsaidia nani. Unamweka "bring" mbali na "think", ilhali ni ndugu: "brought", "thought", "bought", "sought", "fought", wote wana mwisho mmoja. Anayejifunza kwa sauti hukumbuka familia nzima kwa mkupuo.

Familia kongwe ni ile ya kubadili irabu ya ndani: "sing, sang, sung", "drive, drove, driven". Huu ni mtindo wa lugha za Kijerumaniki (jamii ya Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi) tangu kale, kabla Kiingereza hakijawa Kiingereza. Katika Kiingereza cha Kale umoja na wingi vilitofautiana hata katika wakati uliopita: mmoja "sang", wengi "sungon". Tofauti hiyo ilikufa karibu kila mahali, na vitenzi vikachagua irabu mojawapo, vingine "a" kama "sang", vingine "u" kama "clung". Mahali ilipobaki hai mpaka leo ni "was" na "were". Kwa hiyo anayeuliza kwa nini "be" peke yake ina maumbo mawili ya wakati uliopita, jibu ni kwamba zamani wenzake wengi walikuwa hivyohivyo.

"Keep" na "kept" ni habari nyingine. Hapo kiambishi kipo, ni ile t. Irabu ndefu ilifupishwa kwa kuwa ilifuatwa na konsonanti mbili. Baadaye, kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama matamshi, na zile fupi hazikuhama. Ndiyo maana "keep" sasa ina sauti ya i na "kept" ina ya e. "Sleep, slept" na "feel, felt" zilipitia njia hiyohiyo.

Nayo "set" ilikuwa na umbo la wakati uliopita lililosikika, "sette". Irabu za mwisho zilipopotea, maumbo yote yakafanana. Kundi la "put", "cut", "hit" na "shut" liko hivyo, na si bahati kwamba yote yanaishia na t. "Read" ni ya kujihadhari: maandishi hayabadiliki, sauti inabadilika na kuwa kama ya "red". Na "went" ilikuwa mali ya kitenzi kingine, "wend", kilichomaanisha kushika njia. "Go" ikaiazima kwa wakati uliopita na haikuirudisha.

Kwa nini basi ukaidi huu umekaa kwenye vitenzi vya kila siku, "be", "have", "do", "say", "go", "see", "come", "take"? Kwa sababu vinasikika kila dakika, na kinachosikika kila dakika hakisahauliki. Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofuatilia vitenzi 177 vya aina hii kutoka Kiingereza cha Kale. Katika Kiingereza cha Kati vilivyobaki bila kufuata kanuni vilikuwa 145, na leo ni 98. Kadiri kitenzi kinavyotumika kwa nadra ndivyo kinavyovutwa haraka kwenye "-ed". "Help" ilikuwa na "holp" na "holpen". Biblia ya 1611 bado ina "holpen". Leo hakuna anayesema hivyo. Mara chache mkondo hugeuka: Marekani imezaa "snuck" kutoka "sneak", kitenzi kilichokuwa na "sneaked" tu.

Watoto wa Waingereza na Wamarekani wenyewe husema "goed". Mwaka 1958 mtafiti wa lugha Jean Berko aliwapa watoto vitenzi vya kubuni ambavyo hawakuwahi kuvisikia, kikiwamo "gling", akawataka waseme mtu alifanya nini jana. Wengi walisema "glinged", wakati watu wazima wengi walivutwa na "glang" au "glung". Mtoto alikuwa ameshika kanuni, si orodha. Mwanafunzi wako akisema "buyed" amefanya kazi ya akili ileile, na anastahili kusahihishwa kwa upole.

Mtego wa "-me-"

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu vitabu vingi vinafundisha kwamba "-li-" ni "went" na "-me-" ni "has gone", na ulinganisho huo unafanya kazi nusu ya njia tu.

Kwanza, kwetu ni kawaida kabisa kuuliza "Umefika lini?" na kujibiwa "Nimefika jana". Kiingereza hakikubali. "Have" ikiwa katika wakati uliopo inalifunga tukio kwenye sasa, kwa hiyo haiwezi kukaa pamoja na neno linalolipeleka tukio siku iliyokwisha. "When did you arrive?" na "I arrived yesterday" ndizo sahihi. "I have arrived" inakubalika bila siku wala saa, kwa maana kwamba nipo, nimeshafika. Neno kama "yesterday", "last year", "in 2010" au "ago" likiingia, "have" inatoka.

Pili, "-me-" yetu hueleza pia hali. "Amelala" si "She has slept", maana hiyo humaanisha usingizi umekwisha. Ni "She is asleep". "Amesimama mlangoni" ni "She is standing at the door". "Amevaa kanzu" ni "He is wearing", na "amechoka" ni "He is tired". Ukirudi nyuma kwa wakati, mtego unakuja nao: "alikuwa amelala" ni "was asleep", "alikuwa amevaa" ni "was wearing". Lakini "treni ilikuwa imeondoka" ni "The train had left", kwa kuwa kuondoka ni tendo lililokamilika, si hali inayoonekana. Jiulize kama unachokieleza bado kinaonekana machoni wakati huo. Kikionekana, Kiingereza kitataka "be".

Tatu, "tangu". Tunasema "Ninaishi hapa tangu 2015". Kiingereza hutaka "I have lived here since 2015", kwa sababu muda huo umeanzia nyuma na kufika sasa.

Na "had" isitumiwe ovyo. Kazi yake ni kuonyesha tukio lililotangulia tukio jingine la zamani. "When we arrived, the train left" maana yake tuliiona ikiondoka. "When we arrived, the train had left" maana yake tuliikosa. Palipo na "after" au "before", mpangilio umeshajulikana, na umbo la kawaida linatosha.

Katika kusimulia, tunaanza na "-li-" kisha tunaachia "-ka-" ibebe hadithi: alifika, akaketi, akaanza kula. Kiingereza hakina "-ka-". Kila kitenzi chenye wakati wake lazima kiutaje: "She arrived, sat down and began to eat". Anayetafsiri kichwani huanza na "arrived" halafu vitenzi vinavyofuata vinapoteza wakati, aya nzima ikiyumba kati ya jana na leo. Soma upya ulichoandika ukitafuta jambo hilo moja tu.

Vivyo hivyo katika kuripoti maneno. "Alisema anaumwa" kwetu ni sawa kabisa, alikuwa anaumwa wakati ule aliposema. Kiingereza kwa kawaida hurudisha nyuma: "He said he was ill". "Alisema atakuja" inakuwa "He said he would come", na "would" hapo ni umbo la zamani la wakati uliopita la "will", kama "could" lilivyo la "can". Kama jambo lenyewe bado ni kweli, unaweza kuliacha: "She said the earth goes round the sun".

Umbo la zamani bila zamani

Kuna "If I had money" inayozungumzia leo, "I wish I knew" inayozungumzia sasa hivi, na "It's time we left" inayozungumzia kitu ambacho hakijafanyika. Ukilichukua umbo la pili kuwa ni la wakati uliopita tu, sentensi hizi hazieleweki. Mimi naona maelezo bora ni kwamba umbo hilo huweka umbali, na mara nyingi umbali huo ni wa wakati, lakini unaweza kuwa umbali kutoka ukweli. "If I had money" humaanisha sina. Kwetu kazi hiyo hufanywa na "-nge-": ningekuwa na pesa. Hapo ndipo pia "If I were you" inapotokea, "were" kwa nafsi zote.

Umbali unaweza pia kuwa wa adabu. "I was wondering if you could help" ni ombi la sasa, lililosogezwa nyuma kidogo ili lisimbane mtu. Kiswahili kinafanya hivyohivyo: "Nilikuwa naomba unisaidie", na aliyesema bado anaomba.

Na umbali wa ukweli ukikutana na wakati uliopita kweli, umbo moja halitoshi, ndipo "had" inapoitwa: "If she had known, she would have come", yaani angalijua angalikuja. Kwa kitenzi "have" chenyewe tunapata kitu kinachoonekana kama kosa la uchapaji: "If she had had the key". Hakuna kosa. "Had" ya kwanza imebeba umbali, ya pili ni umbo la tatu lililodaiwa na ya kwanza.

Katika mazungumzo ile ya kwanza hufupishwa, "If she'd had the key", na sikio la mgeni huikosa. Kibaya zaidi, "would" nayo hufupishwa kuwa 'd. Ukikuta "she'd", angalia neno linalofuata: katika "she'd go" lipo kitenzi kikavu, kwa hiyo ni "would", katika "she'd gone" lipo umbo la tatu, kwa hiyo ni "had". Panapobaki shaka ni kwa vitenzi vyenye umbo moja, kama "she'd put", na hapo sentensi inayozunguka ndiyo itakayokuambia.